Panga la Mama Damiano

Mama Yared, jirani wa ng'ambo ya michongoma, husema alidhani wanapasua boga. Alisikia kishindo kimoja, kisha Kornelio, mume wa Mama Damiano, akiuliza kwa nini ugali umechelewa. Alipochungulia, panga lilikuwa limezama mgongoni mwa Mama Damiano, mpini uko nje, na mwenyewe anaendelea kusonga.

Panga halikutoka. Kornelio alilivuta kidogo, akachoka, akaenda mtaa wa Mikumi kununua lingine. Mjumbe alikuja, akanywa chai, akasema hayo ni mambo ya ndani. Miaka ikapita. Jeraha halikufunga wala halikuoza. Kila asubuhi lilitoa damu mbichi, Mama Damiano akaipangusa, akaenda bombani. Magauni yake yalishonwa na mpasuo nyuma. Kuku walizoea kulala kwenye mpini. Kornelio akikasirika, aliushika huohuo mpini akamburuta nao uani.

Wanawake wa Magomeni wakaanza kumpelekea mabinti wanaokaribia kuolewa.

"Huyu ndiye mwanamke," somo anayewafunda huwaambia. "Hajarudi kwao hata siku moja."

Binti hugusa mpini, huimbiwa, halafu watu hula pilau.

Jumamosi aliletwa Getrude, binti wa Mikumi, anayeolewa na Damiano mwenyewe. Mdomo wake ulikuwa bado umevimba. Damiano alishawaeleza watu kwamba alijigonga mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mama Damiano akageuka, akapiga magoti kwenye mkeka. Getrude akagusa kwa vidole viwili.

"Shika vizuri, bibi harusi!" somo akamtania. "Hilo si jiko la mkaa, halikuunguzi!"

Wakacheka, wakapiga vigelegele. Getrude akashika kwa mikono yote. Mpini ulikuwa wa moto, unadunda. Hakukusudia kuvuta, lakini panga likasogea. Mfupa ukalia. Damu ikamtiririka hadi kwenye viwiko, ikalowesha kitenge kipya. Mama Damiano akauma khanga yake. Wanawake wakazidisha wimbo.

"Inatosha," somo akasema, akamtoa mikono. "Utatuharibia mtu."

Kwa kiganja akalisukuma panga likarudi mahali pake. Kisha akaita watu wakale.

Mama Damiano ndiye aliyezungusha maji ya kunawa. Alipomfikia Getrude aliinama, akamimina taratibu, maji yakawa mekundu kwenye beseni.

"Wakienda kucheza nje," akamwambia chini chini, "rudi unichomolee. Wewe umeliweza."

Getrude alimsikia vizuri. Barabarani Damiano alikuwa anapiga honi ya pikipiki, na wanawake wote walikuwa wanamtazama bibi harusi.

Akanyoosha mikono, aongezewe maji.