Mzee Kahigwa Apata Sifuri

Mzee Kahigwa hakuwa na mke wa kumnunia, kwa kuwa alikuwa mjane. Hakuwa na bosi, hakuwa na pikipiki, hakuwa na zamu ya kuchelewa, wala meno ya mbele ya kung'olewa ugomvini. Alichokuwa nacho ni kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, mrija wa kunywea, na heshima ya kuwa msemaji wa ukoo.

Jumamosi wageni walikuwa wanakuja kumposa mjukuu wake, Kokugonza. Katika ukoo wao, msemaji huonja kwanza kibuyu cha wageni, ndipo afungue mazungumzo. Binti yake, Adventina, akaweka sharti.

"Baba, nenda zahanati wakupime kama pombe imekutawala. Ikiwa imekutawala, atasema baba mdogo Revocatus."

"Revocatus? Yule anayeongea kama redio iliyokwisha betri?"

Mzee akaenda, tena akamburuta mjukuu wake mwingine, Jovinary, karani kijana anayekunywa bia mbili kila mwisho wa mwezi, apimwe naye ili kipimo kiwe cha haki.

"Shikamoo, babu," alisema daktari Winnie. "Umewahi kuchelewa kazini kwa sababu ya pombe?"

"Marahaba. Kazi gani? Nilishastaafu."

"Umegombana na bosi wako?"

"Bosi wangu ni Mungu, na hatujagombana."

"Umeendesha gari au pikipiki ukiwa umelewa?"

"Hata nikiwa mkavu sijui kuendesha."

"Mwenzi wako amelalamika?"

"Tangu tumzike, hapana."

Mzee akapata sifuri. Jovinary, aliyewahi kunywa kwenye harusi ya rafiki, akaanguka na pikipiki, akachelewa ofisini na kununiwa na mchumba, akapata alama za kutosha kuitwa tena Alhamisi.

"Mlevi mkubwa wewe!" Mzee alimwambia kwa furaha.

Daktari hakucheka. "Babu, maswali haya yanawafaa watu wa umri wake. Wewe yamekupita kando. Hebu nisaidie, tunga ya wazee."

Mzee Kahigwa alivimba kifua. Alipokuwa akisoma masomo ya jioni, mitihani yote alitungiwa na wengine. Sasa zamu yake ilikuwa imefika.

Nyumbani alimsomea maswali yake Adventina, aliyekuwa anachambua maharage.

"Swali la kwanza. Je, mzee huanguka uani na kumsingizia mbuzi?"

"Ndiyo," alisema Adventina.

"Sijakuuliza wewe. La pili. Je, mzee husinzia mchana, akiamka hudai alikuwa anasali?"

"Ndiyo. Tena sala yenyewe ya kukoroma."

"La tatu. Je, mzee humeza vidonge vya presha kwa rubisi?"

"Ndiyo, baba." Safari hii alisema polepole.

"Hilo nimemtungia jirani yetu Shigela!"

"Shigela hana presha."

Kokugonza akachungulia kutoka jikoni. "La nne, babu. Mchumba wangu anaitwa nani?"

"Elias!"

"Elias ni fundi aliyezibua choo."

Adventina alicheka mpaka maharage yakamwagika. Kokugonza hakucheka. Alikuja akachuchumaa mbele ya babu yake.

"Nataka unisemee wewe, babu, siyo mwingine. Lakini uniozeshe kwa Jonathan, siyo kwa fundi wa choo."

Mzee alikisogeza kibuyu pembeni, akachukua karatasi. Revocatus alikuwa anakaa Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Kwenye simu angecheka, kwa hiyo barua ilikuwa salama zaidi.

"Mdogo wangu, maneno nitasema mimi. Kibuyu utaonja wewe, mimi nitashika soda. Bwana harusi anaitwa Jonathan. Alhamisi naenda zahanati pamoja na Jovinary, kama mtunga mtihani na kama mtahiniwa. Ukicheka, ucheke ukiwa hukohuko Kamanga."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Akaibandika kwa ugali, akaikandamiza kwa kibuyu mpaka ikashika, kisha akaenda mwenyewe gatini, akamkabidhi kondakta wa kivuko amfikishie Revocatus.