Mfuko Mtupu

Maji yalikuwa yakigonga beseni, uzi mwembamba tu, kana kwamba anayefungua bomba anaogopa kulisikia. Kulikuwa hakujapambazuka. Nikaenda bafuni nikipapasa ukuta, na humo gizani nikamkuta mama mkwe wangu ameinama, anaosha mfuko wake.

"Mama, mbona hukuwasha taa?"

"Taa ya nini? Uchafu wangu naujua bila kuuona."

Wiki tano kabla walikuwa wamemkata kipande cha utumbo mpana chenye saratani, wakamtoboa tundu kando ya kitovu na kulibandikia mfuko wa kupokea choo. Daktari aliyemruhusu aliongea na mume wangu, juu ya kichwa cha mgonjwa, kama fundi anayekabidhi gari. "Tumemaliza. Mpeni chakula laini." Mwanamke wa miaka sabini na mbili, aliyeshonea sare nusu ya watoto wa mji huu, hakuulizwa hata kama ameelewa.

Wifi yangu, binti yake mkubwa, alikuja kumuuguza. Ndiye aliyenunua sahani ya peke yake, akamwekea stuli ya kulia chumba cha nyuma. "Kwa faida yake," alisema. "Wageni watasikia harufu." Kila mlo alipita na kopo la kunukiza hewa, puu, puu, kama anayefukuza mbu. Mume wangu alitazama simu. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza huko nikakuita heshima.

Kibaya zaidi, nilifurahi. Kila nikiuliza, "Mfuko vipi leo, mama?" alijibu, "Mtupu, mwanangu," nami nikashukuru Mungu kwamba anapona. Miaka mitatu nilisoma masomo ya jioni, biolojia ikiwemo. Nilijua chakula kinaingilia wapi na kutokea wapi. Sikujumlisha.

Asubuhi ile niliwasha taa. Mifupa ya mabega ilikuwa imechongoka ndani ya kanga.

"Mama, unakula kweli?"

Alifunga bomba. "Nisipokula, hakitoki kitu. Kisipotoka, hakuna anayeziba pua."

"Na sahani inayorudi nyeupe?"

"Paka wa jirani amenenepa. Hujamwona?"

Alicheka.

Saa mbili tulikuwa kliniki. Alikuwa amepungua kilo tisa, na mshono wa tumbo ulikuwa umeanza kuachia. Muuguzi, mama mfupi mwenye sauti ya sokoni, hakunitazama mimi, alimtazama yeye.

"Bibi, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mshonaji."

"Basi utanielewa. Mwili unajishona kwa chakula. Wewe umeuficha uzi. Na mfuko ukibandikwa sawasawa, haunuki."

Akampa mkasi akate mwenyewe tundu la kibandiko cha mfuko. Vidole vile vikazunguka mara moja, duara likatoka safi kuliko la muuguzi.

"Eh! Leo nani anamfundisha nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali mtu kumwachia afanye jambo.

Jioni nikamwandalia mezani, kati yetu. Wifi akasimama.

"Unamleta hapa, binti yako anakula?"

"Dada, huyu alikubadilisha nepi miaka miwili. Aliziba pua?"

"Masomo ya jioni yamekupanda kichwani."

"Yamechelewa kupanda. Hiyo ndiyo aibu yangu."

"Basi nakula nyuma."

"Stuli ipo."

Alikwenda. Baadaye tulipatana, kama ndugu wanavyopatana, bila kulitaja. Sasa miaka minne imepita, mama mkwe bado anakosoa pindo za nguo zangu, na hasira yangu haijapoa. Madaktari wanajua kukata, wanajua kushona, wanajua kuandika "ameruhusiwa". Aibu ya mtu mzima wanamwachia nani aiuguze? Sisi? Sisi tuliokuwa tukimnukizia hewa huku anakufa njaa kwa adabu, chumba cha nyuma?

Jioni ile mezani hakuna aliyethubutu kumtazama. Mume wangu aliweka simu chini, kifudifudi. Kijiko kiligusa sahani, kikapanda, kikashuka. Viazi vilivyopondwa, supu kidogo, viazi tena. Nilihesabu vijiko moyoni. Kisha kijiko kikanyamaza, na mama mkwe akabaki ameinamisha uso juu ya sahani iliyokwisha, asijue pa kuweka mikono.

Binti yangu, wakati huo wa miaka minne, aliyekuwa akimkodolea macho muda wote, akapaza sauti:

"Bibi anataka tena."