Maji Yasiyo na Moto

Mke wangu Rhoda alirudi kwao Kabwe kwa sababu ya maharage. Watu hucheka nikisema hivyo, nami huwaacha wacheke.

Nilimuoa huko ziwani nikampandisha huku juu, Katandala, ninakoishi na mama yangu, Stefania. Kwao maharage aliyabandika, akayapa muda wake, yakaiva. Hapa aliyapa muda uleule, yakagoma. Wanajumuiya walipokuja kusali kwetu waliyatafuna kwa adabu, huku yakilia menoni kama kokoto. Mara ya tatu mama alisema mbele yao, "Huyu hana subira na sufuria. Kazoea samaki." Akufukuzaye hakwambii toka: kuanzia siku ile mama akawa anajipikia chakula chake peke yake. Rhoda alivumilia miezi miwili, kisha akafunga mzigo. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia mambo ya jikoni hayanihusu. Ukweli ni kwamba namwogopa mama.

Kazi yangu ni kufundisha sayansi. Muhula uliofuata nilifika kwenye mgandamizo wa hewa. Niliwaeleza wanafunzi kwamba kadiri unavyopanda milimani hewa inayoyakandamiza maji hupungua, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha, na chakula huchelewa kuiva. Nikasimama na chaki mkononi. Mada hiyo nimeifundisha miaka tisa.

Jioni niliazima kipimajoto cha maabara, nikakitumbukiza kwenye sufuria ya mama iliyokuwa ikitokota. Kilisoma tisini na nne.

"Mama, maji ya huku hayafiki mia," nikamwambia. "Rhoda hakuwa mvivu. Maharage yalitaka muda zaidi kuliko kwao."

Mama alikitazama kipimajoto, kisha akanitazama mimi. "Flavian, kumbe hayo ndiyo unayofundisha watoto wa watu kila mwaka? Na mimi ukaniacha nimseme mkeo mbele za watu?" Akafunika sufuria. "Kamlete."

Jumamosi niliteremka Kabwe. Rhoda alikuwa anaanika dagaa. Nilimweleza yote, hewa ya juu na hewa ya ziwani, nikamwonyesha na kipimajoto. Nilijiona nimemletea zawadi. Aliniacha nimalize.

"Mwalimu," akasema, "wiki ya kwanza nilikwambia maji ya huko kwenu yanachemka lakini hayana moto. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimwambia maji ni maji, nikacheka, na kesho yake nikawasimulia walimu wenzangu nao wakacheka.

"Mimi nilikwambia, hukuniamini," akasema. "Leo kimekwambia hicho kijiti, umeamini siku hiyohiyo."

"Rhoda, mama mwenyewe amesema urudi."

"Msalimie sana. Yeye alikuwa hajui." Aligeukia dagaa wake. "Wewe rudi na kijiti chako, mkaishi nacho."

Nilipanda basi la saa saba, peke yangu.