Milingoti ya Kornelio

Wazungu wa kujitolea walileta mabomba kijijini, lakini chemchemi ilikuwa inakauka. Miti ya milingoti aliyoipanda shemeji yangu Kornelio kando yake ilikuwa inayanywa maji yote. Mkutano wa kijiji ukaamua ikatwe, na mwenye msumeno ni mimi.

“Shemeji, ngoja miaka miwili tu iwe nguzo za umeme,” Kornelio alisema. “Leo ni kuni tu. Ada ya Pendo kule sekondari Makambako nitaitoa wapi?”

“Watoto wanaharisha, shemeji. Sogea, usije ukaangukiwa.”

Hakusogea. Tulimbeba.

Maji yalipotoka, Pendo alikuwa amesharudi nyumbani na sanduku lake. Wazungu walimchagua afungue bomba kwa sababu alijua Kiingereza. Wanawake wakapiga vigelegele. Ndoo ilipojaa alijitwisha, akanipita mimi mjomba wake bila kuniamkia.