Jina la Yero

Siku helikopta ilipokuja, Daado alikuwa amemzika mwanawe jana yake.

Daado ni mke mwenzangu. Mume wetu, Hamidou, aliondoka na msafara wa malori kwenda kutafuta mtama, na watu wenye bunduki waliofunga barabara za mji wetu hawakumrudisha. Tukabaki sisi wawili na watoto: Kumbo wangu, miaka mitatu, na Yero wake, ambaye alikuwa hajafikisha miwili.

Mji mzima ulikuwa unakula majani ya kuchemsha, bila chumvi. Yero aliharisha siku nne. Muuguzi Rasmata alikuwa ameshamwandika kwenye orodha ya watoto wa kupewa pakiti za siagi ya karanga, lakini pakiti zilikuwa bado mji mkuu, Wagadugu. Helikopta ya kuzileta ilisubiri kibali. Kibali kilipotoka, vumbi likazidi, ikashindwa kuruka.

Tulipomzika hatukulia. Daado alikung'uta mikono, akaniuliza kama kisima kimeanza kutoa maji.

Kesho yake tukapanga foleni zahanati. Rasmata alimpima Kumbo mkono kwa utepe wa kupimia utapiamlo, ukasoma njano, si nyekundu ya walio hatarini zaidi.

"Maboksi ni machache, mama Kumbo. Leo ni wa nyekundu tu." Akasoma orodha. "Yero!"

Daado akasimama.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala."

"Kamwamshe, dada. Bila kupima sitoi."

Nyuma yetu Poko, muuza maandazi wa zamani, mjukuu wake mgongoni, akacheka. "Mwacheni mwana wa mfalme! Apelekewe kitandani!"

Foleni ikacheka. Hata mimi nilihisi mdomo wangu unataka kucheka, sijui kwa nini.

"Amekufa jana," Daado akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia maji. "Nipe zake nimpe Kumbo."

Kicheko kikakatika. Rasmata aliinamia karatasi yake, akahesabu majina yaliyobaki.

"Siwezi, dada. Wenye nyekundu bado wako nje. Nikikupa wewe, kuna mmoja atakosa."

"Basi mfute."

Akamfuta. Daado alisimama pale mpaka mstari wa kalamu ukafika mwisho wa jina, kisha tukaondoka.

Alasiri Poko alikuja nyumbani. Hakukaa. Alitoa pakiti mbili kwenye kanga yake, kati ya zile alizopewa mjukuu wake, akaziweka kwenye mkeka.

"Sikujua, mwanangu."

"Ungejuaje," Daado akamjibu.

Poko alipotoka, Daado alikata ncha ya pakiti kwa meno, akampakata Kumbo, akamlisha kwa kidole, kidogo kidogo. Kumbo alikula huku macho yameganda kwenye uso wake. Mimi nilikuwa naangalia. Nilitafuta huruma moyoni nisiione. Nilichokiona ni kwamba aliyefutwa si wangu, na nilifurahi. Mpaka leo sijamwambia.

"Umemwonea wivu?" Daado akaniuliza ghafla.

"Nani?"

"Poko. Ana mjukuu mwekundu, anapewa maboksi."

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei ya kitu sokoni.

Helikopta haikurudi mpaka baada ya wiki saba. Mjukuu wa Poko alipona. Kumbo naye aliifikia wiki hiyo akiwa hai, njano ile ile. Daado ndiye aliyembeba siku hiyo hadi zahanati. Tangu kifo cha mwanawe hataki nimbebe mimi, na mimi simkatalii. Kulia, hajalia bado, angalau si mbele yangu.