Tabasamu la Kazini

"Usinichekee!" Bi Kengele, jirani wa chini, alifoka mlangoni kwake, mikono kiunoni. "Kila alfajiri unaburuta sanduku lako juu ya kichwa changu, halafu unanikenulia meno! Leo namwambia mwenye nyumba akutimue."

Mhudumu wa ndege alisimama kwenye ngazi akiwa amevaa sare yake. Chumba alichopanga hapo juu tu ndicho kilichokuwa karibu na uwanja wa ndege. Akipigiwa simu akachelewa kufika, kazi imeota mbawa. Lakini mdomo uliendelea kutabasamu. Ndivyo alivyofunzwa: abiria akitukana, wewe zidisha tabasamu.

"Samahani sana, mama. Nikusaidie vipi?"

"Dharau hiyo! Mimi abiria wako?"

Hapo uzi wa subira ukamkatika mhudumu.

"Haya, sicheki! Na redio yako je, inayonguruma mpaka nalala na mto masikioni? Kanisemee kwa mwenye nyumba, na mimi nitakusemea!"

Bi Kengele alimpima toka utosini hadi kwenye viatu.

"Kumbe una ulimi," akasema, uso bado kaukunja. "Nilidhani aliyepanga juu yangu ni sanamu. Sanduku utalibeba, redio nitaipunguza. Sasa usinikodolee macho, ingia ule, chakula kinapoa."