Sanduku la Posta Namba 413

"Sahihi ya mwenye sanduku iko wapi?"

"Wenye sanduku ndio sisi, kaka."

Bartolomeo, karani wa dirishani, aliigeuzageuza fomu ya kuhamisha sanduku. "Hapa mmeandika Kikundi cha Wafuga Nyuki, Litapunga. Kwenye daftari langu, namba 413 ni ya Telesphor. Mimi nafuata daftari."

Emelyne, katibu wa kikundi, alikuwa kwenye baiskeli tangu alfajiri. Kibali cha mkuu wa makazi, kile kinachomruhusu mkimbizi kutoka, alikifunga kwenye pindo la kitenge. Miaka ishirini na minne anaishi Tanzania, watoto watano, kuanzia Aurélie, kawazaa hapahapa, na bado kwenda mjini anaandikiwa karatasi kama mtoto wa shule.

Ndiyo maana mwaka tisini na mbili sanduku liliandikishwa kwa jina la Telesphor, mwenye duka karibu na stesheni. Raia, mwenyeji, mtu wa kanisani. Walimshukuru mpaka wakampelekea jogoo. Akawaletea fomu wajaze sehemu ya watumiaji. Na watu wa makazi wanazijua fomu: chakula fomu, shamba fomu, hata kuzika fomu, na ukiacha nafasi wazi unarudishwa nyumbani. Basi wakajaza mpaka pembeni. Majina yote kumi na saba, mzinga wa nani umetundikwa msitu gani, na anwani ya mnunuzi wao wa Tabora, Bwana Masalu. Posta haikuuliza hata nusu ya hayo. Telesphor alinakili yote kabla hajaipeleka.

Sasa anamuuzia Masalu asali aliyoichanganya na sukari, kwa lebo yao, na barua anasaini "Emelyne, Katibu". Juzi abiria wa treni alimletea Emelyne ujumbe wa Masalu: asali yenu mbovu, nimewaandikia mara tatu mnanijibu upuuzi, mwezi ukiisha bila maelezo ya kueleweka nachukua ya watu wengine. Na mnunuzi mwingine hawana.

Emelyne akatoka posta, akaenda dukani kwa Telesphor na ile fomu.

"Ah, Mama Aurélie! Karibu kiti. Unakunywa soda gani?"

"Sinywi. Weka sahihi hapa, shemeji."

"Haraka ya nini jamani? Sanduku ni jina langu. Nikilitoa, barua zangu zije wapi?"

"Na jina langu unalosaini, nalo ni lako?"

Telesphor alicheka. "Nyie watu mkisaidiwa mnasahau. Haya, nenda kanishtaki. Watakuuliza kwanza wewe ni raia wa wapi."

Mwizi mkubwa yule, na kila Jumapili ndiye anayesoma somo la kwanza!

Emelyne alirudi dirishani na karatasi yake ya mwisho: barua ya mkuu wa makazi, yenye muhuri, inayosema watumiaji wa sanduku ni kikundi. Bartolomeo aliisoma mara mbili.

"Hii inafaa," alisema, na Emelyne akashusha pumzi. "Tutawaandikia barua ya uthibitisho. Mkiileta hapa ndani ya siku kumi na nne, sanduku linahama."

"Mtaituma wapi?"

"Kwa anwani yenu. Namba 413."

"Ambayo ufunguo anao Telesphor."

"Ndiyo utaratibu, mama. Sikuutunga mimi."

"Si unipe mkononi? Nimesimama mbele yako!"

"Hairuhusiwi."

"Basi nipe sanduku jipya."

"Mkimbizi hapewi kwa jina lake. Lazima raia."

Emelyne alinunua bahasha na stempu, akaandika palepale kwa kalamu iliyofungwa kamba: Bwana Masalu, asali uliyoletewa si yetu. Barua ulizojibiwa si zangu. Usiandike tena kwa sanduku lile, mtume mtu Litapunga aje aonje mwenyewe.

"Nataka iende kwa rejista," alisema, "isipotee."

Bartolomeo alichukua bahasha, akaigeuza, na nyuma yake, mahali pa mtumaji, akaandika kwa mwandiko mzuri: S.L.P. 413, Mpanda.

Emelyne aliivuta, akaikata ile namba kwa mistari miwili mpaka karatasi ikachanika.

"Bila anwani ya mtumaji siipokei, mama."

"Andika hana."

"Mtu hawezi kuwa hana anwani."

"Si unaniona? Andika hana."

Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika: mama toka, na sisi tuna shida zetu. Emelyne alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili, na hakusogea.